Nani Ashike Mwiko, Nani Ashike Mtoto



Wasikilizaji wangu wa Tarime na Serengeti, jambo nitakalolizungumza leo ni la kila siku, na kwa kuwa ni la kila siku limezoeleka hata macho yetu hayalioni tena: namna mama mwenye mtoto mchanga apatavyo kupika, na namna yeye mwenyewe apatavyo kula. Natambua ya kuwa saa hii redio, aghalabu, i mkononi mwa baba, aliyeketi barazani au chini ya mti akingoja kuitwa chakulani, ilhali mama yu jikoni, ambako moshi na kilio cha mtoto havimpi wasaa wa kumsikiliza mtu awaye yote. Kwa sababu hiyo maneno yangu nayaelekeza kwanza kwa baba, kisha kwa mavyaa, bibi yake mtoto, na mwisho kwa mama mwenyewe, ambaye kwa hakika ndiye mwenye haja ndogo kabisa ya kufundishwa, maana kupika ajua. Asichokuwa nacho ni mikono ya kutosha na saa za kutosha.

Na tuanze kwa hesabu. Mtoto aliyezaliwa karibuni hunyonya baina ya mara 8 na 12 katika usiku na mchana, na kila mara huweza kuchukua robo saa, nusu saa, au zaidi akiwa mzito wa kunyonya. Maziwa atoayo mama, akishatengemaa, hufikia takriban mililita 750 kwa siku, na ili mwili uyatengeneze pasipo kujila wenyewe, wahitaji kalori 500 hivi kupita zile alizozihitaji kabla ya kushika mimba, yaani mlo mmoja mzima wa ziada, au miwili midogo. Sasa ziweke kando ya hesabu hiyo ndoo za maji, mzigo wa kuni, safari ya mashineni kusaga, palizi ya mahindi, na ugali wa mchana na wa jioni ambao hauna budi kuwa tayari kwa wakati wake, uniambie ni wapi katika siku hiyo mama amewekewa nafasi ya kuketi akala. Kwa kweli hali. Hukwangua ukoko wa chungu akiwa amesimama, au hunywa uji baridi uliosalia tangu asubuhi, na maadamu mtoto anenepa, hakuna anayeuliza. Maumbile yana huruma kwa mtoto: maziwa hayakatiki upesi kwa njaa ya mama, bali mwili huanza kumlipa mtoto, na deni likabaki juu ya damu na nguvu za yule aliyemzaa, ambaye baada ya mwaka mmoja utamwona amesawijika, nasi tukasema uzazi umemzeesha.

Nimewahi kuketi katika jiko moja karibu na Nyamwaga, nikatazama ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo ukisongwa na mama ambaye mtoto wake, wa miezi minne hivi, alikuwa amefungwa mgongoni kwa kanga. Ugali huo si laini kama wa sembe. Hushika mwiko kama udongo wa mfinyanzi, na ausongaye hana budi kuinama, akakikaza chungu kwa kijiti alichokishika kwa mkono mmoja, na kugeuza kwa mkono wa pili kwa nguvu za bega zima. Kila alipoinama, kichwa cha mtoto kiliteremka upande wa moshi, na kila alipoinuka mtoto alikohoa. Kilio kilipozidi, mama alimfungua, akampakata, akaketi kwenye kigoda akamnyonyesha, huku akisogeza kuni mafigani kwa ncha ya mguu wake. Ugali ukashika chini. Ulipopelekwa barazani, palisikika lalamiko kwamba unanuka kuungua, wala hapakuwa na mtu aliyeuliza wakati ule mtoto alikuwa na nani.

Juu ya moshi huo sitasema mengi, ila hili: Shirika la Afya Duniani lasema kwamba karibu nusu ya vifo vya nimonia vya watoto walio chini ya miaka 5 vyahusika na hewa iliyochafuliwa ndani ya nyumba. Serikali yetu ilizindua mwezi Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ukikusudia kwamba ifikapo 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati iliyo safi, nami naiombea azma hiyo kila heri. Lakini mtoto aliyezaliwa Mugumu mwezi uliopita hawezi kungoja hadi 2034 ndipo avute pumzi. Kwake yeye dawa iliyo karibu ni mtu wa kumshika nje, penye hewa, muda wote chungu kiwapo motoni, na dawa hiyo haiuzwi dukani.

Mwanamke aliyeajiriwa amewekewa haki yake na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini apewe muda usiozidi saa 2 kwa siku wa kunyonyesha. Ni sheria njema. Walakini mama wa Muriba au wa Machochwe, ambaye shamba ndilo ofisi yake, hana karani wa kumwandikia likizo, na mwajiri wake hasa ni nyumba aliyoolewa; ikiwa nyumba hiyo haikumpa siku 84, basi hakuna mahakama atakayokwenda kuzidai. Ndiyo maana nasema, na nitalikariri neno hili kwa njia mbalimbali, kwamba mlo wa nyumba yenye mtoto mchanga ni dhamana ya nyumba nzima, si ya yule mmoja aliyejifungua.

Wazee wetu hawakuwa wajinga wa jambo hili. Huko pwani mzazi hukaa arobaini yake ndani, akakandwa kwa maji ya moto, akaletewa uji wa pilipili manga na supu. Uchagani hupikiwa mtori wa ndizi na nyama. Na huku Mara uji wa ulezi, maziwa ya mgando na mchuzi wa nyama humfikia mzazi hata katika nyumba isiyo na kitu, kwa sababu jirani na wifi huona haya kuja mikono mitupu. Ukarimu huo ni hazina, na mahali ulipofifia nasikitika. Lakini una kasoro moja, nayo ni kwamba huisha mapema. Katika majuma yale ya kwanza, chakula cha mtoto chote kimo kifuani mwa mama, wala hakihitaji kuni, chungu wala kijiko, na miezi 6 yote ya mwanzo mtoto hahitaji kingine cho chote, hata maji. Ilhali mashaka makubwa ya upishi huanza pale miezi 6 inapotimia, mtoto akataka cha kupikwa na huku bado anyonya, wakati ambao wageni wamekwisha kwenda zao, mama amerudi palizini, na kila mtu anadhani ya kuwa uzazi umepita. Na katika vijiji vya Serengeti vinavyopakana na hifadhi, kama vile Robanda, ndovu huingia mashambani mazao yakikaribia kuiva, wanaume wakakesha huko wakiyalinda, na usiku kucha mama huwa peke yake na mtoto, na asubuhi akangojewa awe na uji wa waliokesha.

Hapo ndipo watoto wetu huanza kurudi nyuma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha ya kwamba watoto 30 katika kila 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na kudumaa huko aghalabu huanzia baina ya mwezi wa 6 na mwaka wa pili. Mtu atasema ni ufukara, na pengine ni kweli. Lakini jibu hilo halitoshi, na ushahidi wake tunao humu humu nchini. Mwaka 1983 ulianza Iringa mpango mkubwa wa lishe, ulioendeshwa na Serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ukahusu vijiji 168. Iringa, kama mjuavyo, ni ghala la mahindi la taifa, na hata hivyo watoto wake walikuwa wakidhoofika na kufa penye nafaka. Waliouendesha mpango ule hawakukomea kuuliza kama chakula kipo. Waliuliza pia mtoto alishwa mara ngapi, na nani, na mama ana saa ngapi za kumtunza. Wakaona ya kuwa mtoto aliyekula mara mbili kwa siku pamoja na watu wazima hakuweza kushiba, hata ghala likiwa limejaa.

Sababu yake ni tumbo. Tumbo la mtoto mdogo huchukua mililita 30 hivi kwa kila kilo ya mwili wake, basi mtoto wa kilo 7 akinywa kikombe kimoja cha uji amefika kikomo. Na uji wetu, uliofanywa mwepesi ili umezeke, huwa karibu wote ni maji. Ukiufanya mzito, humkaba. Ukiufanya mwepesi, humjaza pasipo kumlisha. Kwa hiyo hushauriwa kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 8 alishwe mara 2 au 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 mara 3 au 4, pamoja na kitu kidogo katikati, kama ndizi mbivu au kiazi. Nao ni ushauri sahihi kabisa, ila mwenye kuutoa mara nyingi husahau kwamba kila mara moja kati ya hizo ni moto wa kuwashwa, chungu cha kuoshwa, na mama wa kutolewa shambani.

Hapa pana jambo ambalo nyumba nyingi za Tarime na Serengeti zinalo tayari, wala halinunuliwi: kimea. Mwanamke wa Kikurya ajua kukifanya kimea cha ulezi kwa sababu ya pombe, na ni nadra kumkuta mzee asiyejua kama kimeiva au la kwa kukionja tu. Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, ile iliyoundwa kwa sheria mwaka 1973, pamoja na wenzao wa Sweden, walikipima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakathibitisha kwamba kimea kidogo kikitiwa katika uji mzito huulainisha papo hapo, ukanyweka, na ule unga wote mwingi uliomo usipungue hata chembe. Tazama kifanywavyo. Ulezi huchaguliwa na kuoshwa, ukalowekwa usiku mmoja. Asubuhi maji humwagwa, ukafunikwa kwa kitambaa kibichi au kwa majani ya mgomba mahali pasipofikwa na jua, ukinyunyiziwa maji kila unapokaribia kukauka, siku mbili au tatu, hata uchipue. Kisha huanikwa juani ukakauka barabara, ukasuguliwa mikononi na kupepetwa ili vichipukizi vitoke, ukasagwa. Wakati wa kupika, uji husongwa mzito, hata mwiko uache mstari nyuma yake. Ukiisha iva huepuliwa ukapoa kidogo, kwa maana moto mkali huua nguvu ya kimea, ndipo hutiwa kijiko kimoja cha unga wa kimea na kukorogwa. Dakika chache tu, na mbele ya macho yako uji ule uliokuwa unakaribia kuwa ugali utaanza kutiririka kutoka kwenye upawa. Urudishe motoni uchemke kidogo, nao u tayari. Mtama nao huchipushwa, ila vichipukizi vyake vina sumu, na visipoondolewa vyote huleta madhara. Kwa mtoto, basi, nashauri ulezi.

Nawaomba akina baba wanisikilize kwa utulivu nisemapo kwamba kibaba kimoja cha kimea kikitolewa kabla ya kile cha pombe, pombe haitaharibika, na mtoto atakuwa na unga wa majuma mengi.

Uji peke yake, hata ukiwa mzito, haumtoshi mtoto, bali hutaka mwenzi. Ziwa Victoria liko karibu, na dagaa hufika katika kila soko la Tarime. Wakichambuliwa vichwa na mchanga, wakakaangwa bila mafuta na kutwangwa hata wawe unga, hukaa koponi siku nyingi, na kijiko kimoja hutosha kikombe cha uji. Karanga nazo hutwangwa vivyo hivyo. Mgagani, mnavu na majani ya maboga huchumwa mlangoni. Mimi sipendezwi na ile ada mpya ya kusaga nafaka tano au sita pamoja na kuziita lishe, kwa kuwa mahindi, mtama, ulezi, ngano na mchele ni ndugu wa tumbo moja, na kuwakusanya mahali pamoja ni kumwongezea mtoto gharama wala si nyama ya mwili; nafaka moja na kunde moja, au dagaa, zafanya kazi iliyo bora. Na maziwa, ambayo nchi hii ya ng'ombe imejaaliwa, yachemshwe kwanza, hata yale yatakayogandishwa kibuyuni, kwani katika maziwa mabichi hupita kifua kikuu na maradhi ya kutupa mimba ya mifugo.

Kuhusu kuokoa saa za mama, ziko hila ndogo ambazo wanawake wenyewe wamezivumbua, nami nazitaja ili zisambae. Vilimani Tarime, kwa kuwa mahali ni pa juu, maji huchemka kabla ya kufikia joto lake la pwani, na maharage hukawia kuiva. Basi yalowekwe tangu jioni, na yakiisha chemka nusu saa kwa nguvu, sufuria lifunikwe vizuri litiwe katika kikapu kilichojazwa majani makavu au matambara, likaachwa humo, nayo yataendelea kulainika pasipo ukuni hata mmoja wakati mama ananyonyesha. Yarejeshwe motoni yachemke tena kabla ya kuliwa. Uji wa mtoto upikwe asubuhi mara moja na kutiwa ukiwa wa moto katika chupa ya chai iliyooshwa, uende shambani pamoja naye. Uji uliochachushwa hustahimili zaidi kuliko ule usiochachushwa, ila kiporo cha tangu jana kilichoachwa wazi mtoto asipewe asilani, kwa maana kuharisha humnyang'anya kwa siku moja alichokipata kwa mwezi.

Lakini hila zote hizo hazizidi mtu wa pili. Kuna ada ya Wakurya iitwayo nyumba ntobhu, ambayo kwayo mwanamke aliyepita umri wa kuzaa, asiye na mtoto wa kiume, humwoa mwanamke kijana kwa kumtolea mahari ya ng'ombe, ili watoto watakaozaliwa wahesabiwe kuwa wa nyumba yake. Ada hiyo ina wenye kuisifu na wenye kuilaumu, na lawama nyingine ni za haki, kwani wako mabinti walioozwa humo wakiwa wadogo mno na wengine hugeuzwa watumwa wa shamba. Hata hivyo mahali inapoendeshwa kwa utu, nimeona jiko moja lenye wanawake wawili watu wazima, ambao mtoto ni wa wote wawili kwa damu au kwa jina, na mmoja akishika mwiko, mwenzake hushika mtoto pasipo kuombwa wala kushukuriwa. Yule mkubwa aliyeoa hajioni ameshushwa cheo kwa kubeba mtoto. Kinyume chake, ndicho alichotolea ng'ombe. Nashangaa ni kwa nini nyumba yenye mume, ambaye naye alitoa ng'ombe, na yenye mavyaa mwenye nguvu zake, ishindwe kufanya hivyo kwa saa moja ya jioni.

Tena mtu huyo wa pili asiwe msichana wa miaka 9. Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa ndiyo njia rahisi inayofuatwa: dada yake mtoto huzuiliwa asiende shule siku za palizi ili ashike mtoto, mara siku moja, mara tatu, hata akajikuta yu nyuma ya wenzake, akaona haya, akaacha, na baada ya miaka michache yeye mwenyewe yumo jikoni, mtoto mgongoni, anasonga ugali.

Taifa hili liliwahi kulitambua suala la chakula kuwa la watu wote. Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2, wanaume kwa wanawake, walikusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi vya Mtu ni Afya katika redio na kuvijadili, na mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai kwa njia hiyo hiyo. Ubora wa mtindo ule ulikuwa huu, kwamba mume na mke walisikia neno moja kwa wakati mmoja. Siku hizi nasaha za lishe hutolewa kliniki, mtoto akipimwa uzito, na anayezipokea ni mama peke yake: huambiwa alishe mara 4, naye hana amri juu ya ghala, huambiwa ampe maziwa, nayo yamekwisha kupelekwa kuuzwa, huambiwa apumzike, naye hana wa kumwachia jembe. Hurudi nyumbani na kadi mkononi, amebeba maagizo ambayo wenye uwezo wa kuyatimiza hawakuyasikia.

Basi ninawaomba akina baba wa Tarime na Serengeti waende kliniki pamoja na mama walau siku mtoto atimizapo miezi 6, na asiyeweza amtume mavyaa kwa niaba yake. Nawaomba wauguzi, wamwonapo baba au bibi amefika, wamkaribishe kitini, waseme naye yeye. Na viongozi wa vijiji nawaomba kwamba siku ya mnada, kabla ng'ombe hawajaanza kuuzwa, mhudumu wa afya apewe dakika kumi za kunena na wanaume waliokusanyika pale juu ya idadi ya milo, juu ya kibaba cha kimea na kikombe cha maziwa vitakavyobaki nyumbani, na juu ya nani atakayemshika mtoto ugali unaposongwa.